Nyumba ya Kabiru Haiko kwa Kompyuta

Asubuhi hiyo ya mwaka wa 2014 redio ilitangaza kwamba Eldoret haipumui vizuri, na kwenye benchi la Odera fundi viatu hakuna aliyeumizwa na habari hiyo kama Kabiru. Kampuni moja inayojiita Upepo Bora ilikuwa imeuingiza mji mzima kwenye kompyuta, ikaupulizia upepo wa kompyuta, ikagundua kwamba joto limekwama katikati ya mji. Dawa yake ni njia ya upepo, pana kama uwanja wa mpira, na ianzie mtaa wa Yamumbi. Yamumbi gani? Ile ile ya Kabiru.

"Inapita sebuleni kwangu," Kabiru akasema. "Ati wamesema hapo ni pahali wazi."

"Si ushukuru," Odera akajibu, misumari mdomoni. "Wengine wananunua feni. Wewe unaletewa upepo mpaka kwa kitanda."

Odera wanamwita Profesa, kwa sababu alipika uji chuoni kule Kesses miaka ishirini na anaamini elimu ilimwingia kwa mvuke. Kando yake alikaa Kimeli, jina la utani Marathoni, mtu ambaye hajawahi kukimbilia kitu isipokuwa chakula. Kimeli na Kabiru ni majirani wa ua mmoja tangu zamani.

"Upepo wa kompyuta ni upepo kweli?" Kimeli akauliza. "Hata soksi hauwezi kukausha."

Hapo ndipo Purity akatokea, laptop kwapani, kuchukua kiatu chake. Ni mwanafunzi, na kumbe anajifunza kazi kwa hao hao Upepo Bora. Odera akakificha kiatu nyuma ya mgongo.

"Hiki utakiona ukishafungua hiyo laptop."

Msichana akafungua. Akaeleza kwamba kompyuta inakata mji kuwa viboksi vidogo, halafu inahesabu upepo unaoingia kila kiboksi, unaotoka, na ukuta unaouzuia. Mistari ya bluu ikatambaa kwenye kioo. Ilipofika Yamumbi ikateleza bila kugusa kitu.

"Nyumba yangu iko wapi?" Kabiru akauliza.

"Hapo hakuna nyumba, Mzee. Picha ya angani waliyotumia ilipigwa Februari 2008."

Kabiru akainama karibu na kioo. Januari ya mwaka huo, kwenye zile vurugu za uchaguzi, nyumba yake ilichomwa. Alilala kwa hema miaka miwili, akarudi, akajenga upya bati kwa bati. Sasa kompyuta imemrudisha kwa majivu.

"Kwani hakuna picha mpya?" Odera akauliza.

"Bosi alisema mji hautembei, picha ni picha. Lakini kuna fomu ya malalamiko. Inataka jirani aliyekuwepo aandike kwamba nyumba ilikuwepo, na iliondoka vipi. Mwisho ni leo saa kumi."

Wote wakamgeukia Kimeli. Majirani wengine walishauza wakahama.

"Mimi ningeandika," akasema akikuna goti, "lakini wiki hiyo nilikuwa Kesses kwa dada yangu. Sikuona kitu."

"Wiki hiyo Kesses ilijaa kweli," Odera akasema. "Kila mtu namuuliza, alikuwa Kesses. Mimi nilikuwa huko huko nikilinda masufuria ya chuo, na sikuona hata mmoja wenu."

Kabiru hakucheka. Miaka yote tangu arudi amekunywa chai na mtu huyu, wameazimana jembe na ngazi, na hajawahi kumuuliza kuhusu siku ile, kwa sababu aliogopa jibu. Na jibu hilo ndilo fomu inalolitaka.

Purity akabonyeza kitufe, angalau watu wapate la kuongea. "Angalieni, hii ni ile Januari. Upepo unatoka mashariki mchana kutwa."

"Hapo imedanganya," Kimeli akasema. Akasogea, akaweka kidole kwenye kioo. "Moto ulianzia jikoni kwa Kabiru. Saa nane upepo ukageuka, ukatoka huku kwa shule, ukaurudisha moto wote kwa nyumba kubwa. Ungeendelea kutoka mashariki vile mmechora, ghala langu la mahindi lingeshika, na mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na ndoo moja tu."

Kidole kikabaki kwenye kioo. Odera akatema misumari kwenye kiganja.

"Ndoo ilikuwa na maji?" Kabiru akauliza polepole.

"Ilikuwa nayo."

"Ukamwaga wapi?"

Kimeli akaangalia viatu vyake. "Kwa ghala."

Purity alikuwa ameshatoa fomu na kuikunjua, anafurahi kabisa. "Hiyo inatosha, Mzee," akamwambia Kimeli. "Jina kamili?"

Kabiru akachomoa kalamu mfukoni mwake, akamnyooshea jirani yake.

"Andika yote," akamwambia. "Na ghala pia uliandike."