Bwana Wangu wa Usiku

Jumatatu, 9 Juni 2025
Riwaya fupi imekwisha! "Bwana wa Usiku." Céline, msichana mpole, mpenda vitabu (si mimi), anapendwa na mzimu anayeishi ndani ya kioo. Lakini kioo hicho kina Céline wa pili: mwongo, mwenye wivu. Lazima wapambane. Jumamosi Mwalimu Hubert wa maktaba atachukua mwandishi mmoja tu wa kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka akasome kazi yake jukwaani Lilongwe, mtaa wa Area 18. Lévi, kijana ninayempenda kisirisiri, atapiga gitaa huko. Lazima niwe mimi! Mpinzani: Raïssa, mashairi. Nimemdokezea mwalimu, kwa unyenyekevu, kwamba shairi lake linafanana na wimbo fulani wa redioni. Halifanani sana.

Jumanne, 10 Juni
Tatizo: mbele ya watu sauti yangu hupotea. Dawa: mazoezi nyuma ya kanisa wakati wa maombi, kila mtu anapopiga kelele. Nikafumba macho, nikasoma kwa nguvu: "Njoo, bwana wangu wa usiku, mimi ni wako milele!" Nikafumbua. Mama Kabibi wa kikundi cha maombezi alikuwa mbele yangu, mkono mdomoni.

Jumatano, 11 Juni
Balaa! Nilimaanisha bwana kama mtukufu, kama vitabuni. Kwa Mama Kabibi, mtu wa Uvira, Kongo, bwana ni mume, na bwana wa usiku ni pepo anayeoa wasichana ndotoni wasipate wachumba. Amekuja nyumbani na wamama wenzake na chupa ya mafuta. Mama analia. Nikasema ni hadithi tu. Mama Kabibi akauliza: "Bénie, jina yake nani?" Nikasema Adriano, nimemtunga mwenyewe. "Yee! Iko na jina!" Akauliza huja lini. Nikasema katika sura ya tatu. Wakanimwagia mafuta. Siendi popote mpaka pepo atoke.

Alhamisi, 12 Juni
Mwalimu Hubert amekuja kwa kabaza, baiskeli ya abiria, kunitetea. Kashindwa upesi, baiskeli ilikuwa bado inamsubiri mlangoni. Ila hadithi ameipenda, hasa Céline wa pili. "Ule njo iko muzima kabisa, kama mutu ya kweli. Ulijiangalia vizuri." Nilijiangalia? Yule ni Raïssa! Basi. Kesho pepo atatoka, nitamtoa mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni
Nilianguka vizuri sana, mbele ya kanisa zima. Mama Kabibi akamwamuru pepo aungame matendo yake. Hilo sikuwa nimeliandaa. Sauti ikanitoka, nene, kubwa, mpaka kinanda kikanyamaza: "Mi njo nilisema Raïssa anaiba mashairi! Na yake ni ya muzuri kupita yangu!" Raïssa akanikumbatia huku akilia: "Haikuwa we, dada. Ilikuwa ule pepo." Nikakubali haraka. Lévi alisogea nyuma kidogo.

Jumamosi, 14 Juni
Ameenda Raïssa. Mama anasema aliyefunguliwa toka kwa pepo hupumzika. Kabla ya safari Mwalimu Hubert alipita, akaniambia kwa upole kwamba sasa nimekutana na Céline wa pili ana kwa ana, niandike mwisho upya, kwa ukweli. Sawa kabisa! Nimeandika kutwa nzima. Jana, nikiwa kifuani pa Raïssa, nilimchunguza kwa karibu. Kwa hiyo Céline wa pili sasa ana kidoti kidevuni, na husamehe watu hovyo mbele ya kanisa zima. Hapo nani hatamtambua?