Vita Nilivyomwandikia Ulan

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemaliza kuandika filamu yangu! Vita vyote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mkono wangu mwenyewe, juu ya meza ya jikoni. Wajerumani wameshindwa. Mimi niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu ya kuchunga wana-kondoo! Nilimsomea baba Ulan ukurasa wa kwanza. Akauliza kama chai ipo.

Shujaa ni kijana wa hapa hapa mjini kwetu Naryn, mrefu, nyusi nzito, na kovu dogo kidevuni. Yaani Ulan wangu. Jina sikulitaja, lakini atakayesoma ataona hakuna mwingine wa kumfaa. Mtoto yule alisomea uigizaji mpaka akapewa cheti, halafu akaenda Moscow kusambaza chakula cha watu kwa baiskeli. Kwenye theluji! Na kifua chake kile! Filamu ikinunuliwa atarudi kuigiza. Akirudi nitamlisha. Akishiba haondoki. Mpango wote ndio huo.

Nimeshampigia simu kumwambia filamu yake inakaribia kuanza. Akauliza nani ameinunua. Nikasema simu inakatika.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Emil, mwongozaji. Ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Siku nyingi hupiga picha za harusi, lakini aliwahi kutoa filamu ya kweli kuhusu wezi wa farasi, na watu walilia. Nilimpelekea mfuko wa kurut, vile vidonge vyangu vya mtindi mkavu ninavyouza sokoni.

Alianza kusoma amesimama. Akakaa. Akaniuliza, mama yangu, vita viko wapi? Nikamwambia si hivyo alivyoshika mkononi? Akasema humu ndani risasi ni moja tu, tena imepiga kofia. Nikamuuliza alitaka impige mtoto wa nani? Akasema na huyu shujaa amekula mara saba kabla hajafika vitani. Nikamwambia safari ni ndefu.

Mwisho akanitolea lile lake: hakuna anayenunua mswada wa mwandishi asiyejulikana. Mimi! Sijulikani! Soko zima linanijua, hata askari wa barabarani huniita mama Kurut! Emil alicheka mpaka akapaliwa na kurut yangu. Alipopata pumzi akasema haya, nitie daraja lilipuliwe, kisha nitafute tajiri wa kugharamia, naye ataanza kazi hata kesho.

Nimerudi nyumbani, nimelipua daraja. Lilikuwa tupu. Niliangalia mara mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilianza kwa Satarkul, muuza mabati. Alinipokea amekaa juu ya rundo la mabati kama mfalme. Nilipofika darajani akanikatiza. Anayelipua ni nani? Nikasema askari. Askari gani, wa ukoo gani? Kwa maana babu yake Mambet alipigana vita hivyo, na mji huu haujampa hata uchochoro wenye jina lake. Ulimi wangu ukaondoka wenyewe, nikasema ndiye huyo huyo, Mambet! Machozi yakamlengalenga. Akasema dada, Mungu ndiye aliyekuleta, ngoja nifikirie.

Nifikirie! Tajiri akifikiria, mtoto wa maskini anaganda na baiskeli. Basi njiani nikapitia kwa Jumadil mwenye ukumbi wa harusi, kwa usalama tu. Jumadil na Satarkul hawasalimiani tangu farasi wa mmoja alipompita farasi wa mwingine kwenye mashindano. Huyu naye akaniuliza, askari wa ukoo gani? Babu yangu Asan naye alikwenda. Nikasema loo, umejuaje!

Jioni yote nimenakili. Nakala moja Mambet, nakala nyingine Asan. Daraja ni lile lile. Siwezi kujenga la pili, mkono unauma.

Sonunbubu, jirani yangu, akaja kuomba kitunguu huku shingo imemtoka kama bata, anataka kuona ninaandika nini. Mwaka jana gazeti lilitoa shairi lake kuhusu farasi jike, na tangu hapo haongei na mtu bila kuangalia milimani. Nikamwambia ni mapishi. Akasema mapishi gani yana Wajerumani?

Ijumaa, 10 Oktoba

Wamekubali! Wote wawili! Na wote wawili wanataka kuja Jumapili kula na kushikana mkono na Emil. Ningemkataa nani? Nikasema karibu, karibu.

Halafu Ulan akapiga. Amekata tiketi ya kuja. Nililazimika kukaa kwenye ndoo.

Sasa kuna shida ya kichwa. Mgeni mkubwa lazima apewe kichwa cha kondoo, na kondoo wetu, kama wa watu wengine, anacho kimoja. Satarkul akikosa kichwa ataondoka kabla ya mchuzi, na Jumadil ataondoka kabla ya Satarkul. Nimekwenda kwa mchinjaji kununua cha pili. Akauliza mwili wake uko wapi. Nikamwambia ashughulike na visu vyake.

Mpango ni huu. Satarkul chumba kikubwa. Jumadil nje, kwenye hema letu la sufu, nimwambie nimempa heshima ya kimila. Emil atajidai ana tumbo baya, kila akitoka kwenda chooni atapitia upande wa pili. Baba Ulan atapeleka vichwa. Baba Ulan akasema mama Ulan, jambo hili mwisho wake siuoni. Nikamwambia avae miwani.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijaosha hata sinia moja. Naandika hivyo hivyo.

Mpaka kwenye mchuzi mambo yalinyooka. Nilikimbia kati ya nyumba na hema mpaka viatu vikanitoka. Emil alitoka mara nyingi hata Satarkul akamhurumia, akamshauri apunguze chai.

Kisha Sonunbubu! Nani alimwalika? Kaingia uani na mkate wa moto, kwa wema wake, kamkuta Jumadil peke yake hemani. Akapiga kelele aibu gani hii, mgeni anakula peke yake kama mwenye surua! Akamshika mkono, akamwingiza chumba kikubwa. Na nyuma yao baba Ulan, na kichwa cha pili kwenye sinia. Alitafuta pa kukiweka, akakosa, akakiweka kando ya cha kwanza.

Vichwa viwili vikatuangalia.

Jumadil akasema maisha yake yote amechinjia harusi, lakini kondoo kama huyu wa mama Ulan ndiyo kwanza anamwona. Satarkul akasema ale upesi, labda huko kwenye harusi zake watu hupewa kwato. Nakala zikatoka mifukoni. Mambet ndiye aliyelipua daraja! Asan ndiye aliyelilipua! Jumadil akasema Mambet gani, yule aliyelinda ghala la viazi vita vizima akarudi mnene kuliko alivyokwenda? Satarkul akasema afadhali viazi, Asan alikuwa kinyozi! Wakasimama. Emil akajificha nyuma ya bakuli. Nami nikapayuka kwamba daraja lina ncha mbili! Mmoja alipue huku, mwingine kule!

Wakatazamana.

Wallahi wakakubali! Satarkul akacheka, Jumadil akacheka, wakapeana mikono mbele ya macho yangu. Emil akasema hiyo ni nzuri kuliko ya mwanzo. Filamu imeuzwa! Nililia, machozi yakaingia kwenye mchuzi wa watu.

Halafu Satarkul akasema babu yake ataigizwa na mpwa wake. Jumadil akasema wake ataigizwa na mkwe wake. Nikauliza, na Ulan? Wakakuna videvu. Emil akasema Ulan asikose kazi, ana urefu mzuri, awe yule Mjerumani anayebaki katikati ya daraja.

Katikati! Daraja langu lilikuwa tupu!

Niliyosema hapo siyakumbuki vizuri. Baba Ulan anasema niliwapokonya nakala, nikaapa kwamba mwanangu hatalipuliwa na mpwa wa muuza mabati ndani ya nyumba yangu, tena akiwa na njaa. Wageni waliondoka kila mmoja na kichwa chake kwenye mfuko, wakitaniana njia nzima kama ndugu wa tumbo moja. Sonunbubu alibaki. Alikula mpaka mwisho.

Jumanne, 14 Oktoba

Filamu hakuna. Ilikuwa imeuzwa, na mimi ndiye niliyeiua. Na Ulan tiketi anayo! Ataacha kazi, atakuja, atanikuta na kurut. Akinikasirikia je? Akiondoka asirudi tena je? Sokoni leo nimempa mteja chenji bila kumpa alichonunua.

Baba Ulan akasema mwambie mtoto ukweli. Nikapiga simu, nimeshajipanga kusema theluji imeangukia kamera. Sijafungua mdomo, Ulan akasema Emil amempigia kumuuliza kama nafasi ya Mjerumani itamfaa.

Nikalia kama mtoto. Yeye akacheka! Akacheka mpaka akakohoa (kifua!). Akasema mama, filamu ya nini? Ungeniambia tu njoo, ningekuja. Anakuja vile vile, ametamani mkate wangu. Ameomba ruhusa ya wiki moja, kisha anarudi kazini.

Wiki moja!

Nilimuuliza baba Ulan maana yake nini, ungeniambia tu njoo. Mtu anasema hivyo hivyo, bila sababu yoyote? Akasema ndiyo, watu husema. Sikumwelewa.

Jumapili, 19 Oktoba

Amefika tangu jana! Amekonda, mikono imepasuka, lakini ni yeye. Alikula mikate yote niliyokusudia ya siku tatu. Baba yake alimweleza habari ya vichwa, wakashikana mabega wakicheka, na mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Leo asubuhi Ulan alinikuta peke yangu jikoni. Akaniambia mama, kama unataka nikae, sema. Nikasema sawa, mwanangu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nikajiuliza, mtoto wa watu anaachaje kazi ya mshahara kwa ajili ya neno moja la mama? Si atachekwa? Nikamwongezea siagi.

Hapo ndipo Sonunbubu akapita kurudisha kitunguu. Nikamuuliza, yeye aliye msomi, ni vita gani vilivyokuwa virefu kuliko vyote. Akaangalia milimani. Akasema huko Ulaya zamani wafalme walipigana miaka mia moja.

Miaka mia moja! Nilimkumbatia. Filamu ya vita vya namna hiyo, hata Emil aharakishe vipi, haiwezi kupigwa kwa wiki moja.

Ulan amerudi kulala. Nimefunga mlango polepole, nimefuta meza, nimeanza.