Nzi Mpya wa Nyuma ya Choo

Jumatatu, 13 Januari

Iya Limunga, mkuu wa kituo chetu cha wadudu hapa Buea, ametangaza: Ijumaa atamteua msimamizi wa mkusanyo wa nzi wa maua. Mimi au Etonde. Etonde! Binti anayeweza kutazama goti la nzi asubuhi nzima bila kupiga mwayo. Yeye ana subira. Mimi nina kipaji.

Nzi wa maua ni matapeli. Wanaelea juu ya ua kama wamefungwa kwa uzi, wamevaa mistari ya nyuki, na mwiba hawana. Kuwatambua aina kwa aina kunawatoa watu akili.

Nikapanda mlimani na wavu, Etonde nyuma yangu. Ukungu. Ukungu tena. Jua lilipochomoza nikaona mmoja mnene, wa manjano. Nikamshika kwa vidole, Etonde aone ujasiri.

Alikuwa nyuki.

Etonde akanikumbusha kwa upole kwamba nzi ana mabawa mawili, nyuki ana manne. Nikamjibu kwamba najua sana, nilikuwa nampima ukali. Kidole kimevimba kama ndizi. Naandika kwa taabu.

Jumanne, 14 Januari

USHINDI! Nyuma ya choo cha kituo, kwenye shimo la maji machafu: nzi mweusi tititi, kiuno rangi ya kutu! Sijawahi kumwona. Nimenasa kadhaa.

Nikafungua kitabu cha utambuzi. Kitabu hiki hukuuliza swali, ukijibu kinakusukuma kwenye jingine. Uso una nundu? Unayo. Paja limevimba? Kama la mcheza mpira. Mshipa wa bawa umepinda? Sana. Mwisho kikaniambia huyu ni yule nzi wa manjano anayejaa kwenye dirisha la jiko letu.

Wa manjano! Wangu mweusi! Basi kitabu hakimjui. Spishi mpya!

Etonde akachungulia kwenye hadubini, akauliza mbona wote ni majike. Macho ya dume hugusana utosini, ya hawa yameachana. Madume wako wapi? Nikamwambia wana aibu. Wivu ule, nauona kabisa.

Jumatano, 15 Januari

Mgunduzi ndiye anayetoa jina. Kwa nini sikuliwaza hili mapema?

Nimekwenda kwa Mzee Mafany, baba yake Enanga wangu. Tangu nianze kumposa Enanga, mzee huniita “yule wa nzi”. Nikamwambia nzi mpya atabeba jina lake, na dunia nzima italisoma. Akauliza nzi huyo anakaa wapi. Nikasema majini. Akaagiza niletewe kwakoko, majimbi yaliyokunwa na kupikwa ndani ya majani, na mchuzi wa mawese, na kichwa cha samaki. Kichwa! Akaniita mwanangu. Enanga alinitazama kwa wasiwasi. Nadhani ni mapenzi.

Njiani nikakutana na mchungaji wetu, atakayefungisha ndoa. Nikamwahidi naye. Jioni nikamdokezea Iya Limunga kwamba kuna nzi atakayeitwa kwa heshima yake. Nzi mmoja, majina matatu. Litajipanga lenyewe.

Ijumaa, 17 Januari

Nife.

Mzee Mafany alifika kituoni amevaa mavazi ya sherehe, shati jeupe na kitambaa kiunoni, na ndugu zake nyuma, na Enanga. Mchungaji naye akafika. Niliwaalika mimi mwenyewe. Nikasimama, nikakohoa, nikaeleza kuhusu weusi wa nzi wangu na upekee wake. Ndugu wakapiga makofi.

Etonde akaingia, matope mpaka magotini. Alikuwa ameshinda shimoni tangu asubuhi. “Samahani, kaka Ndive. Nilitaka nikwambie kabla watu hawajaja.” Mkononi kichupa. Ndani yake nzi wawili, wamepandana. Chini, mweusi wangu. Juu, yule wa manjano wa dirishani, macho yamegusana.

Iya Limunga akakiinua kichupa kwenye mwanga. “Mume na mke,” akasema. “Spishi moja. Kitabu kimeeleza rangi ya dume tu, lakini kilikufikisha panapostahili, Ndive. Wewe ndiye uliyeshuka njiani.”

Mzee Mafany akauliza taratibu kama ina maana nzi wake ni mke wa nzi wa jikoni. Iya akasema ndiyo, na funza wake hukulia kwenye shimo la choo.

Mchungaji akauliza kwa nini Mzee Mafany anasema nzi ni wake, wakati aliyeahidiwa ni yeye mchungaji. Iya Limunga akasema, “Aa, kumbe tuko watatu?”

Mzee aliondoka bila kuniaga. Uani kwake nisikanyage, ndivyo walivyosema ndugu. Enanga alibaki. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akajifuta machozi, akasema baba yake hajawahi kupendeza vile, na kwamba nimwachie yeye mzee, nisiongeze neno. Nilitaka kulia. Nikasema nina mafua.

Etonde amepewa usimamizi. Anastahili, ingawa sitamwambia. Tena ndiye aliyeomba nibaki kuwa msaidizi wake: mkusanyo wetu haukuwa na jike wa aina ile hata mmoja, na mimi ndiye niliyewanasa. Ameandika kibandiko kwa mwandiko wake mzuri: “Aliyemnasa: Ndive Molua. Mahali: nyuma ya choo.” Kitadumu karne nzima.

Jumapili, 19 Januari

Nimeachana na ugunduzi. Kabisa. Nimemwapia Enanga. Mtu mzima hujifunza.

Baadaye nikaenda kuoga. Ukutani, buibui. Nikamhesabu miguu, kwa mazoea tu. Saba. Nikahesabu upya. Saba! Buibui wote duniani wana minane!

Nimemfunika kwa bakuli. Nimeshampigia mtangazaji wa redio. Anakuja na kipaza sauti. Nimemsihi asipite kwa Etonde.