Kamati Isivunjwe Kabla ya Kukagua Lenzi

Utemini, Singida
Jumatano, siku ya kumi na moja ya ndoa

Kwa Mzee Stanley Mughwai,
Mwenyekiti, Kamati ya Harusi ya Chrispin na Editha.

Shikamoo Mzee wangu.

YAH: OMBI LA KUAHIRISHA KUVUNJA KAMATI MPAKA LENZI MLIYOTUZAWADIA ITANGAZWE KUWA NZIMA

Natumaini wewe na mama hamjambo, na magoti yamepoa baada ya kucheza vile. Sisi ni wazima kupita kiasi. Nakuandikia nikiwa kwenye kochi ambalo bado sijalitoa nailoni, na mume wangu (neno hili bado nalitamka polepole ili utamu wake usiishe haraka) yuko hatua tatu kutoka hapa, amefumba jicho moja.

Kabla sijalalamika, naomba ieleweke kwamba siilaumu nia ya kamati. Mlipoingia ukumbini mnacheza na lile boksi mabegani, mimi nilijua ni blenda. Ulipotangaza kwamba ni lenzi pana ya kamera, ili Chrispin asirudie kumkata Shangazi Agripina mkono wa kushoto pamoja na soda yake kama alivyofanya kwenye picha za kipaimara cha mjukuu wako, ukumbi mzima ulipiga vigelegele, na Shangazi aliendelea peke yake baada ya wengine kuchoka. Chrispin alitoa machozi. Nilimtazama nikajisemea kwamba mwanaume anayelia kwa ajili ya kifaa cha kazi hawezi kushindwa kunipenda mimi.

Tatizo, Mzee, lilianza kesho yake. Ndani ya lenzi kuna vibapa saba vyembamba vya chuma, ambavyo husogeleana kubana tundu la kupitisha mwanga. Tundu likibanwa linatakiwa liwe na pande saba zilizolingana. Mpiga picha makini akipata lenzi mpya huielekeza dirishani, huzungusha pete, huchungulia kwa nyuma na kuhesabu pande hizo kama mama anavyohesabu vidole vya mtoto mchanga. Chrispin alihesabu Jumatatu asubuhi. Pande sita zilikuwa safi. Wa saba, anasema, kona yake imebutuka. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Siku hizi lenzi inaamkiwa kabla yangu. Mume wangu akifumbua macho anatafuta miwani yake, anaifuta kwa pindo la shuka huku akililaumu vumbi la Singida, kisha anaichukua lenzi na kwenda nayo dirishani. Hapo ndipo anageuka na kuniuliza nimelalaje. Ananiuliza kwa upendo mwingi sana, hilo nalikiri, lakini nimekuwa wa pili ndani ya chumba chenye watu wawili.

2. Nimefanywa nguzo ya taa. Saa sita mchana tunafunga mapazia, mimi nasimama ukutani nimeshika simu iliyowashwa tochi, yeye anapiga picha. Katika picha tochi inatokea kama nyota ya miale kumi na minne, miwili kwa kila upande wa tundu. Mwale wa tisa umefifia. Nimeshika tochi hiyo kwa mkono wa kulia, wa kushoto, na mara moja juu ya kichwa, na mwale wa tisa haujali. Jumapili tulipokwenda Mwankoko kumsalimia mama mkwe, nilipandishwa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba ili jua litokee begani kwangu. Nilikuwa na viatu vya harusi. Mama mkwe alikuwa ametuchinjia jogoo, na jogoo huyo alipoa akitusubiri. Mama aliuliza kwa sauti ya taratibu kama hivi ndivyo watu wa siku hizi wanavyokula fungate.

3. Ugonjwa umehamia kwenye chakula. Jana nilipika chapati. Akaichukua ya juu, akaielekeza dirishani, akasema upande wa kushoto umezidi kidogo. Kisha akala sita, na ninaweza kuapa kwamba hakuna hata moja iliyokuwa duara.

4. Hapa, Mzee, ndipo ninapoomba uwe umekaa. Mimi nina mwanya. Unaujua, maana kwenye hotuba yako uliusifia mpaka mama akakukanyaga mguu chini ya meza. Mwanya wangu hauko katikati kabisa, umeegemea kulia. Kwa miaka mitatu ya uchumba Chrispin aliuita dirisha la jua lake. Lakini wakati ule alikuwa bado hajapata tabia ya kuhesabu. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi inasema kwamba bidhaa yenye kasoro inaweza kurudishwa ndani ya siku kumi na nne. Mimi na lenzi tumeingia katika nyumba hii siku moja. Nami najua kuhesabu.

5. Na isije ikasemwa kwamba ninalalamika kwa sababu ya wivu. Lenzi hii niliipokea kama wifi. Jumapili ile ya harusi, tulipoifungua hapa nyumbani, Chrispin alikwenda kutafuta chaja, nami nikabaki nayo. Nilikumbuka Shangazi, nikakumbuka machozi ya mume wangu, moyo ukajaa. Niliigeuza nikaibusu kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, kwa midomo ambayo bado ilikuwa na mafuta ya bibi harusi, kisha nikaifunika vizuri nisionekane mshamba. Sasa niambie, Mzee, mtu mwenye chuki hufanya hivyo?

6. Hili la sita ndilo linaloniondolea usingizi. Chrispin ameamua kuirudisha lenzi Dar es Salaam yeye mwenyewe, kwa basi la Ijumaa, ili Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya kumi na nne, awe mlangoni mwa duka. Nilimshauri aitume kama mzigo. Akasema lenzi si gunia la vitunguu. Nilimshauri aifute tu, labda ni vumbi. Akasema karatasi imekataza kugusa vioo kama unataka kurudisha, na yeye tangu siku ya kwanza hajaigusa hata kwa unyoya. Nilimshauri anichukue. Akanikumbusha kwamba Jumamosi hiyo hiyo ndiyo sherehe ya kuvunja kamati, na kwamba lazima mmoja wetu awepo kushukuru.

Mzee Mughwai, hebu fikiria. Watu thelathini na wawili waliohangaika miezi minne kutuunganisha watakaa pale wakila ndafu yao ya mwisho, na atakayesimama mbele yao ni mimi peke yangu, na kiti tupu pembeni. Mtavunja kamati mbele ya nusu ya kazi yenu. Shangazi Agripina ataniuliza mume yuko wapi, nami nitajibu kwamba amekwenda kurudisha zawadi yenu. Sijui nitalisema kwa uso gani.

Kwa hiyo naomba kwa heshima kamati iitishe kikao cha dharura kesho Alhamisi, na ipitishe mambo yafuatayo:

(a) Kwamba wajumbe wote, wakianzia na mweka hazina ambaye ana macho mazuri, wachungulie lenzi mmoja mmoja, kisha wapige kura kwamba pande zote saba ziko sawa. Kura ya wengi iheshimiwe, na kibapa cha saba kipewe taarifa.

(b) Kwamba kamati isivunjwe kabisa, bali igeuzwe kuwa ya kudumu, ikutane kila robo mwaka kukagua vifaa vyote vya nyumba hii, pamoja na blenda ambayo bado tunaisubiri.

(c) Kwamba iandikwe katika muhtasari, na mume wangu atie sahihi, kuwa muda wa kurudisha bibi harusi ulikwisha pale kanisani, mbele ya mashahidi, na kwamba mwanya ulikaguliwa na kupokelewa kama ulivyo.

Sitaki makubwa, Mzee. Nataka Jumamosi nisimame nimeshikwa mkono.

Nisalimie mama, mwambie kitenge alichonipa nimekivaa siku nne mfululizo. Msalimie Katibu, waimbaji wote, yule bwana wa spika aliyekubali kurudia wimbo wetu mara tano, na Shangazi Agripina, mikono yote miwili.

Ni mimi binti yenu, ambaye mlimtoa kwa ngoma na bado anaisikia,

Editha, mke wa Chrispin

N.B. Mzee wangu, nilikuwa nimeshaikunja barua hii, lakini sina siri na mume wangu, nikampa aisome aniangalizie nukta na mikato. Alicheka kwenye chapati. Kwenye mwanya alinyanyuka akaja kunikalia karibu, akasema neno ambalo siwezi kumwandikia mwenyekiti. Namba tano aliisoma mpaka mwisho. Akarudi mwanzo wa aya. Kisha akaniuliza taratibu, "Editha, uliibusu upande gani?"

Nikamwonyesha. Akaichukua lenzi, akaigeuza kwenye mwanga ikiwa imelazwa, na pale pembeni ya kioo cha nyuma tukauona mdomo wangu wa chini, mzima kabisa, na mistari yake. Akaufuta kwa kitambaa laini, mara mbili. Tukaenda dirishani, akabana tundu, tukahesabu pamoja. Pande saba, sawasawa kama zimekatwa kwa msumeno mmoja. Nimeshika tochi kwa mara ya mwisho, na mwale wa tisa umerudi.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote sita na maombi yote matatu. Vunjeni kamati kwa amani Jumamosi. Tutakuja wote wawili, na Chrispin atawapiga picha moja ambayo hakuna atakayekatwa. Barua yenyewe naomba uichome, na hasa Shangazi asiione.

Chrispin amenitaka niahidi kwamba sitabusu tena kitu chake chochote chenye kioo. Nimeahidi. Hajauliza kuhusu miwani.