Uzinduzi wa Gari la Umeme la Akina Mama wa Majengo

Mheshimiwa mwakilishi wetu, uliyeomba radhi na kumtuma msaidizi wako, msaidizi wake, nawe pia uliyeomba radhi, chifu mpendwa, wazee wa nyumba kumi, viongozi wa kanisa na msikiti mlioketi kivulini, wenye ploti, wapangaji mlio juani, nesi wetu mkunga, Fowsiya, na kwa namna ya pekee mama Jecinta, uliyeketi hapa mbele ukitarajia kujifungua wiki hii: mimi Githinji, mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Uchukuzi wa Kisasa, nawasalimu mara tatu. (Makofi, upande wa kivulini.)

Sote tunajua kwamba Jecinta alimzaa kifungua mimba wake mlangoni pa ploti kwa kukosa gari. Kamati yangu ilipopata habari hizo haikulala. Ilikwenda semina Naivasha siku nne, ikafanya public participation, yaani kushirikisha umma, na stakeholders wote waliokuwa hotelini, na ikaazimia, kwa asilimia mia moja na nne, kwamba hakuna mama wa Majengo atakayezalia mlangoni tena, bali atapelekwa hospitali kwa gari la umeme. (Vigelegele. Jecinta anapangusa uso kwa leso, anatabasamu.)

Gari hili, ndugu zangu, halinywi petroli, kwa hiyo dereva hawezi kukwambia ngoja kwanza nijaze tangi, na wewe umeshika kiuno. Halibadilishwi oili. Halitoi moshi, na limetulia kiasi kwamba mtoto aliyelala mgongoni ataendelea kulala, jambo ambalo akina mama wenyewe wameniambia ni maendeleo kuliko lami. (Sauti: "Hapo umesema, Mheshimiwa.")

Lakini mimi ni kiongozi muwazi, sifichi changamoto. Betri ikichoka, bei ya nyingine inakaribia ya gari zima, na fundi wetu hapa, anayejua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, hatakuwa na cha kusikiliza. Watoto wanaocheza bano, zile gololi, njiani nao hawatalisikia likija. Tena kulichaji kwa soketi ya nyumbani kunachukua saa nane au kumi, na kwa hivyo nimeshauri akina mama wapange uchungu wao kulingana na ratiba. (Minong'ono. Nesi Fowsiya anainuka.)

(Fowsiya: "Mheshimiwa, uchungu hauna ratiba. Na hiyo soketi ni ya nani? Ploti nzima tuko mita moja ya stima. Mtu akichomeka hita, sisi wote giza.")

Swali zuri, nesi, na lilijibiwa Naivasha. Waya utateremka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, sambamba na kamba ya nepi. Kila nyumba itaweka tokeni za stima kwa zamu, kama zamu ya kuosha choo. Na siku ya zamu yako hutapiga pasi. (Sauti: "Nyumba namba sita hata zamu ya choo wanaruka.") Namba sita nimewaona, tutaongea. Na stima ikipotea, kama inavyopotea, mama atavumilia kizalendo.

(Jecinta anashika kiti kwa mikono miwili. Anasema polepole: "Mheshimiwa, nisamehe kukukatiza. Uchungu umeanza. Hilo gari liingie sasa.")

Hongera, mama Jecinta. Ningependa kufafanua kwamba gari, kwa wakati huu, liko katika hatua za juu za maandalizi.

(Fowsiya: "Liko wapi? Nitajie tu mtaa.")

Nesi, maandalizi hayana mtaa.

(Fowsiya: "Basi toa lako, hilo jeusi.")

Langu ni la dizeli, na sera yetu inakataza mama mjamzito kuvuta moshi. (Naftaly, muuza maji, ameshusha mitungi yote kutoka mkokoteni wake. Akina mama wanatandika leso juu yake. "Polepole, mama, lala ubavu," anasema Naftaly. Wanamlaza Jecinta, Fowsiya anashika nyuma, wanatoka mbio, na uwanja mzima unawafuata.)

Nyinyi wa nyuma, bado sijafika takwimu. Ukurasa wa sita unasema... (Anasubiri. Anafungua ukurasa wa saba. Baada ya muda, mzee mmoja wa nyumba kumi, aliyebaki, anaweka simu chini: "Wamefika hospitali. Nesi anasema mama yuko salama, wamempokea.")

Mmesikia wenyewe. Mama wa kwanza amefikishwa hospitali chini ya uongozi wangu, na kamati itaandika hivyo. Majengo, umeme juu. (Mzee anaitikia peke yake: "Juu.") Mama salama, taifa salama. Mwisho, nawashukuru waliopaka rangi bango hili zuri lenye picha ya gari, kwa maana hiyo picha ndiyo mradi, na nawaomba mlikunje vizuri, kesho nazindua daraja Mukuru.