Mguu wa Baba Mkwe

Jamani wa chumba namba tisa, leo nimepatikana! Mkisoma barua hii, fungeni mlango kwanza.

Mnajua nilikuja likizo Kasulu na kile kitabu cha ubongo, maana somo lenyewe halijaniingia. (Shahada ya kwanza nimesoma mifugo, ya pili wakanitupa kwenye neva za binadamu. Nikifika chini ya ukurasa, nimeshasahau ya juu.) Lakini leo kitabu nilikiacha. Leo tulikwenda Kitahana kumposa Yustina.

Tulikwenda na baba mdogo, ndiye msemaji wetu, pamoja na mtungi wa pombe ya ndizi. Njiani akanionya: "Wewe kazi yako kukaa tu. Mwoaji haongei." Nikaitika.

Tulipofika, mwakeye, mwakeye, tukaamkiana mpaka magoti yakachoka. Mtungi ukawekwa mbele ya Mzee Ruhasha, baba yake Yustina. Akionja tu, nimepata mke! Akakaa vizuri, mguu juu ya mguu, akashika mrija. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, huko chuoni unasoma nini?"

Baba mdogo akanikanyaga. Mimi nikajibu!

"Ubongo, baba. Na neva zake."

"Ubongo unasomwaje, na mtu yu hai?"

(Hata mimi huwa najiuliza.) Ila jaribio moja nalimudu. Nikaomba ruhusa, nikamgonga chini ya goti kwa ubavu wa kiganja.

Mama yangu! Mguu ukaruka, mtungi ukabingirika, pombe yote ikamwagika, nyingine kwenye suruali yangu mpya ya bugaluu.

Papo hapo shangazi yake Yustina akapiga kelele: "Kaipiga teke pombe ya posa! Amekataa!"

"Sijakataa!" Mzee akang'aka. "Mguu umekwenda wenyewe!"

Hapo ningenyamaza. Wapi! Nikamtetea: "Kweli, shangazi. Kichwa chake hakikuhusika kabisa. Amri imetoka kwenye uti wa mgongo."

"Unasema kaka yangu hana kichwa?"

"Anacho! Ila hakikuulizwa."

"Kwa hiyo mwenye mji huu ni uti wa mgongo?"

Haki ya Mungu, sikujua. Baba mdogo alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Ndani nilimsikia Yustina anacheka mpaka anakohoa.

Mzee akaunyoosha mguu wake, akautazama kama mgeni asiyebisha hodi. Mwisho akasema: "Mimi sijakataa. Lakini mguu ni wangu, na umekataa mbele ya watu. Leta mtungi mwingine siku utakayoweza kunieleza nani amepiga teke."

Basi ndugu zangu, msicheke. Nitumieni daftari la yeyote anayelielewa somo hili, tena upesi. Mtihani nikifeli nitarudia. Yustina harudiwi.