Kepteni na Kadi za Akiba

Jumatano, 13 Agosti
Mbale, nyumba za polisi. Jumamosi na Jumapili tunakwenda Jinja kushindana na klabu yao kwa kadi za moto, maji na majani, na kila mtu anacheza kivyake, hata na wenzake. Mimi ndiye kepteni wa Mbale, mwaka wa tatu sasa. Lakini nikishindwa na mtu wa klabu yangu mwenyewe, ukepteni unakuwa wake. Sheria ya Afande Adrisi hiyo, mwamuzi wetu, sajini mstaafu wa magereza. Si yangu!

Na mtu huyo yupo. Nandutu, mwalimu wa Busiu. Ana adabu, ana subira, na ana kadi za moto zinazoniunguza kila tukifanya mazoezi.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Marehemu baba alikuwa sajini. Kaka yangu ni koplo. Jeshi lilinikataa kwa sababu ya nyayo bapa, polisi kwa sababu ya hesabu. Katika nyumba hizi sina cheo kingine ila hiki cha kadi. Kikienda sijui nitaitwa nani. Naogopa.

Alhamisi, 14 Agosti
Mpango umekamilika! Moto huchoma majani, majani hunywa maji, maji huzima moto. Basi kadi zangu nimezijaza maji. Nandutu na azimwe! Kadi kumi za moto nimeziweka akiba, kama inavyoruhusiwa.

Dada yangu Sofia akauliza, je, nikikutana kwanza na mtu wa majani? Nikamjibu kwamba wanawake hawaelewi mambo ya vita. Akanikumbusha kwamba Nandutu ni mwanamke. Nikaenda kupanga kadi zangu.

Ijumaa, 15 Agosti
Leo tumesalimisha kadi. Afande Adrisi hukusanya kadi zetu kila jioni tangu mkesha wa mashindano, kama bunduki zinavyorudishwa ghalani. Kadi za mchezo zinafungwa kwa raba, za akiba za kila mtu zinakaa kwenye mkebe wake wa sabuni. Tukasimama mguu sawa, akatusomea sheria. Baada ya mchezo wa kwanza na mpinzani, unaweza kuingiza kadi za akiba, mbele yake Afande. Ukimalizana na mpinzani huyo, kila kadi inarudi ilipokuwa kabla hujakutana na mwingine. Alisoma mara mbili akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Nikaomba, kwa heshima, kepteni asamehewe sheria hiyo. Akajibu kwamba hata brigedia hurudisha bunduki.

Jumamosi, 16 Agosti, Jinja
Mpinzani wa kwanza, Tonny wa Bugembe. Majani matupu! Akayanywa maji yangu yote. Nikaingiza moto wa akiba, nikamchoma michezo miwili iliyobaki. Watu walipiga makofi. Watu wawili, lakini walipiga.

Kisha nikapita karibu na meza ya Nandutu, nikijifanya natafuta choo. Alikuwa katika mchezo wa pili na Racheal wa Jinja, mtu wa maji. Mkononi ana nini? Majani! Ameacha moto! Na kesho asubuhi ni mimi na yeye.

Maji mbele ya majani ni kujimaliza. Kwa hiyo sirudishi kitu. Moto umebaki kwenye kadi za mchezo, maji yamelala mkebeni, na juu yake kadi moja ya moto kwa ajili ya macho ya Afande. Jioni, wakati wa kusalimisha, alifungua mkebe, akaona moto, akafunga. Nikampigia saluti.

Jumapili, 17 Agosti
Nandutu aliweka kadi ya kwanza. Moto. Ya pili, moto. Nikayasubiri majani. Hayakuja. Moto kwa moto hushinda mkubwa, na wangu mdogo, wake mkubwa. Baada ya mchezo wa kwanza Afande akaniuliza kama nataka akiba. Maji yangu yote yalikuwa mle! Lakini mkebe ningeufungua vipi mbele yake? Nikasema sihitaji. Nikashindwa tena.

Hasira zikanipanda. Nikadai Nandutu kabadilisha kadi kinyume cha sheria, akaguliwe. Yeye akaeleza kwa upole kwamba majani yalikuwa ya Racheal tu, na jana hiyohiyo aliyarudisha. Sikuwahi kufikiri kuna mtu anayerudisha kweli!

Afande akasema hapa hakaguliwi mtu mmoja, kisha akaongeza kwa Kiswahili chake cha magereza: “Leta mkebe yako pia, bwana.”

Maji yakaonekana, nikapewa adhabu: miezi miwili bila kucheza. Nandutu alijaribu kunitetea, eti labda nilisahau. Hilo liliniuma kuliko kushindwa. Tuliporudi Mbale, askari wa getini, ambaye kila jioni hunipigia saluti ya mzaha, leo aliniambia karibu, basi. Nilipoingia ndani nililia.

Jumanne, 19 Agosti
Nandutu alikuja kunitembelea. Anataka nirudi kwenye timu adhabu ikiisha. Akakiri kwamba aliyaogopa sana maji yangu. Kama ningeyarudisha, alisema, angezimwa asubuhi ileile, nami ningebaki kepteni. Sofia alisikia yote. Akaniongezea chai.

Nimelitafakari jambo hili kwa unyenyekevu, na kosa langu nimeliona. Kadi moja ya moto juu ya mkebe haikutosha. Zilitakiwa tatu.

Isitoshe, kepteni ni cheo kidogo. Leo nimeanzisha klabu mpya, ya Nakaloke, mji jirani. Kwa sasa mwanachama ni mmoja. Uchaguzi umefanyika, na kwa kura zote nimekuwa meja.